Mgongo wa Papa Télesphore: miaka ishirini na sita ya fanfare yetu

Jumamosi hii, tarehe 28 Juni 2014, Papa Télesphore Bauma anastaafu. Ametumikia shule yetu, Institut Kisima, kwa miaka ishirini na sita, tangu Septemba 1988, akiwa mwalimu wa fanfare, bendi yetu ya tarumbeta na ngoma, na mtunzaji wa vyombo vyake vyote. Wengi wetu tutakaokaa mbele yake siku hiyo hatukuwa tumezaliwa alipoanza kazi. Wazazi wa baadhi yetu walipiga tarumbeta mbele yake pia, au tuseme nyuma yake, kama itakavyoelezwa.

Bwana Préfet Murhula, mkuu wa shule, ametuomba sisi wa mwaka wa sita tulio katika fanfare tuandike wasifu huu kwa ajili ya programu ya sherehe. Tumeandika tuliyoyaona wenyewe na yale tuliyosimuliwa na Papa pamoja na mkewe, Mama Perpétue. Mambo mengine hatujayaelewa mpaka leo. Hayo pia tumeyaandika, kwa sababu tukiyaacha, Papa Télesphore tunayemjua hatakuwamo.

Alizaliwa katika milima ya Masisi, katika familia ya wafugaji. Alijifunza tarumbeta kwa mapadri, na anasema ng'ombe wa baba yake ndio waliokuwa wasikilizaji wake wa kwanza na wenye subira kuliko wote. Alipofika Goma, shule yetu ilikuwa na vyombo vichache vilivyokaa katika depo, yaani stoo, bila mtu wa kuvishika. Alivisafisha na kuvifunga kwa nyuzi palipolegea. Kabla ya Noeli ya mwaka ule fanfare ilikuwa barabarani.

Anayemjua Papa Télesphore anajua mgongo wake. Tangu siku ya kwanza alifundisha akiwa ametugeuzia mgongo, uso wake ukielekea dirisha ambako volkano ya Nyiragongo inaonekana mawingu yakipenda. Mgeni aliyeingia katika mazoezi alidhani mwalimu amekasirika. Hapana, alikuwa anasikiliza. "Macho inahurumia mutu," alituambia. "Mutoto anavimbisha mashavu, unasema anatumika kazi. Masikio haina huruma." Kwa mgongo huo alijua nani amechelewa, nani hakula asubuhi, nani amepumulia katikati ya sentensi ya muziki. Aliita jina bila kugeuka, na aliyeitwa alikaa wima.

Kwa mgongo huo huo alimgawia kila mtoto chombo chake. Mwanafunzi mpya hakuchagua. Alipuliza tarumbeta, akapuliza klarineti, akajaribu tromboni, na Papa dirishani akangoja. Kisha alisema, "Hii imekuitikia." Wengine walilia kwa sababu walitaka saksofoni na wakaitikiwa na ngoma. Kambere, ambaye sasa ndiye mpiga ngoma kubwa na mcheshi wa darasa letu, alitaka tarumbeta mwezi mzima. Papa alimwambia tarumbeta imemkataa kwa adabu.

Na kila mwaka, tarehe mosi Aprili, fanfare ilimfanyia Papa poisson d'avril, mzaha wa Siku ya Wajinga. Ni desturi iliyoanza kabla yetu, na hatujui nani aliianzisha. Siku hiyo wanafunzi walibadilishana vyombo kimyakimya nyuma ya mgongo wake, mwenye klarineti akichukua tarumbeta, mwenye tarumbeta akichukua tromboni, halafu wakapiga vibaya walivyoweza. Papa hakugeuka. Aliwataja mmoja mmoja: "Fulani, rudishia mwenzako tarumbeta yake, unaiumiza." Hakukosea hata mwaka mmoja. Tunaomba msomaji aikumbuke desturi hiyo, maana ndiyo iliyotuponza baadaye.

Miaka yake haikuwa ya utulivu. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi walipoingia kutoka Rwanda, barabara zetu zilijaa watu mpaka mguu ukakosa pa kukanyaga. Uwanja wa shule ukageuka mahema ya plastiki. Miongoni mwa waliolala pale alikuwa Habarurema, mwanamume mrefu mpole, aliyekuwa akipiga klarineti katika bendi huko kwao. Alikuwa amebeba godoro dogo, sufuria na klarineti. Yeye na Papa walizoeana upesi. Habarurema alimfundisha kukata ngozi ya mkoba wa zamani na kuitumia kuziba matundu ya klarineti. Papa alimfundisha kula sombe, mboga ya majani ya muhogo, bila kulalamika. Habarurema aliporudi kwao mwaka 1996, aliiacha klarineti mikononi mwa Papa. Alisema ataifuata njia zikitulia. Hajaja bado, na hatujasikia habari zake.

Klarineti hiyo ipo nasi. Ufunguo wake mmoja, kile kibonyezo cha kidole, ulivunjika springi, na Papa akautengenezea kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Tangu hapo, kila ufunguo huo ukibonyezwa unatoa mlio mdogo, tik, kama kucha juu ya meza. Lakini sauti yenyewe, Papa alisema, ni ya asali iliyoungua kidogo, na hata ikichanganywa na nyingine mia moja angeitambua. Miaka minne iliyopita ilimwitikia Élodie, na ndiye anayeipiga mpaka leo.

Mwaka 1997 wimbo wa taifa ulibadilika, na fanfare ikatakiwa kuujua mpya kabla watu hawajasahau ule wa zamani. Kwenye gwaride la kwanza nusu ya wapigaji walianza wimbo mmoja na nusu wimbo mwingine. Papa anasema viongozi walisimama imara katika zote mbili.

Januari 2002, lava iliposhuka na kukata mji, watu walikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, na vitanda na kuku. Papa Télesphore alivuka mpaka akiwa amevaa tuba kubwa mwilini, na ngoma pamoja na vyombo vingine vikiwa juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, aliyoisukuma pamoja na Mama Perpétue. Mlinzi wa mpaka alimuuliza kile ni kitu gani. Papa akajibu, "Ni mutoto yangu wa kwanza, hana karatasi." Mama Perpétue anasema mpaka leo hajui kama aliolewa na mwanamume au na fanfare. Depo iliungua. Vyombo vilipona.

Sasa tunafika mwezi wa Novemba 2012.

Vita ilikuwa imekaribia Kibati, na familia nyingi za huko ziliteremka mjini kwa miguu. Shule ilizifungulia madarasa. Papa alikuwa anatoa vyombo katika ukumbi wa muziki ili akina mama wapate pa kulaza watoto. Ilikuwa mchana, mvua nyepesi, na mizinga ilisikika upande wa uwanja wa ndege. Bomu moja lilianguka nje ya ukuta wetu. Ukuta ulipasuka, na tofali likampiga Papa upande wa kulia wa kichwa, juu ya sikio. Hakuna mwingine aliyeumia, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Alipozinduka hospitalini, neno lake la kwanza lilikuwa, "Tuba iko wapi?" Tulipoambiwa, tulicheka kwa furaha. Tuliona amerudi mzima.

Alirudi kazini mwezi wa Januari 2013, na kovu kichwani na kofia ya sufu juu yake. Alitembea vizuri, alizungumza vizuri, alituita sote kwa majina. Akageukia dirisha, tukapiga. Mara akainua mkono. "Micheline, weka klarineti chini. Shika tarumbeta yako."

Micheline alikuwa ameshika tarumbeta. Hajawahi kushika kingine tangu tarumbeta ilipomwitikia. Tulitazamana. Kisha Kambere akanong'ona nyuma ya ngoma yake, "Bana, Papa anatuwahishia poisson d'avril!" Tukaelewa, au tulidhani tumeelewa, kwamba Papa amepona na anataka kutuchekesha. Micheline na Élodie wakabadilishana vyombo haraka. Papa alipogeuka, alimwona Micheline na klarineti mkononi, akatikisa kichwa akitabasamu. "Batoto ba leo!" alisema. Tulifurahi sana siku hiyo.

Ikawa mchezo wetu. Papa akisema saksofoni ni tromboni, wenye saksofoni na tromboni walibadilishana kabla hajageuka. Wakati mwingine alitaja sawasawa, nasi tukabaki tulivyo. Wiki zikapita hivyo. Sisi tulidhani yeye ndiye anayecheza, naye alidhani sisi ndio tunaocheza, na kila upande uliuheshimu mzaha wa upande wa pili. Shule nzima inaijua hadithi hii leo, lakini wakati ule hakuna aliyeijua, hata sisi tuliokuwa ndani yake.

Tulichokuwa hatukijui ni hiki. Tangu azinduke, Papa Télesphore alikuwa akisikia kila chombo kama mtu anayepuliza mdomo wa bidoni tupu, dumu la maji. Alisikia wimbo na kuujua. Alijua noti hii iko juu na ile iko chini, na mapigo hayakumpotea. Lakini tarumbeta ilikuwa bidoni, klarineti ilikuwa bidoni, na saksofoni pia. "Ni kama mumevaa uniforme na muko bila uso," alitueleza baadaye. Kwa hiyo alikuwa anabahatisha. Na kila alipogeuka, aliona amebahatisha sawa, kwa sababu tulikuwa tumeshabadilishana. Basi alijiambia kwamba masikio yake yanapona taratibu na hayajamwambia tu. Hakumwambia mtu, hata Mama Perpétue.

Mwezi wa Machi familia za Kibati zilikuwa tayari kurudi kwao. Shule iliandaa sala ya kuwaaga, na fanfare ikapangwa uwanjani juu ya mawe meusi. Papa alisimama kama kawaida yake, mgongo kwetu na uso kwa watu. Micheline alifungua peke yake kwa tarumbeta. Alipiga vizuri, tunathibitisha. Papa akainua mkono, akasimamisha kila kitu.

"Nani ameleta akordeoni hapa?"

Nyuma ya ngoma, Kambere aliangaza huku na huku akitafuta cha kubadilisha. Hapakuwa na cha kubadilisha. Shule yetu haina akordeoni, haijawahi kuwa nayo. Mama mmoja wa Kibati, aliyekuwa amebeba mzigo wake kichwani tayari, alicheka kwa wema akasema, "Muzee, akordeoni iko wapi? Ule ni mutoto na tarumbeta."

Papa aligeuka. Micheline bado alikuwa na tarumbeta mdomoni, kwa sababu hakuna aliyemwambia aishushe. Papa alimtazama, akatazama tarumbeta, akatazama midomo yetu mmoja mmoja kana kwamba tumeketi mezani kwake bila yeye kutualika. Kisha aliweka filimbi yake ya kutuanzishia mfukoni na akaondoka uwanjani. Familia za Kibati ziliondoka bila muziki. Micheline alilia, akidhani amepiga vibaya hadi tarumbeta ikaharibika.

Kesho yake Kambere alikwenda nyumbani kwa Papa. Alimkuta ameketi kwenye kigoda, mbele yake sufuria, kikombe na chupa, akivigonga kwa kijiko kimoja baada ya kingine.

"Papa, siye tulizani uko nacheka na siye," Kambere alisema.

"Na mimi nilizani ninyi njo munanicheka."

Mama Perpétue, aliyesikia kutoka jikoni, ndiye aliyetamka kwamba wanaume hawa wawili waende kwa daktari kabla hawajavunja vikombe vyake.

Dokta Cibalonza anatibu majeraha ya kichwa, na aliwapokea vizuri. Alipima masikio ya Papa, akayakuta hayana kasoro. Akatoa simu yake, akamchezea muziki wa filimbi, akamuuliza anasikia nini.

"Docteur," Papa alijibu, "ninasikia telefone yako."

Dokta alicheka, kisha akaeleza, na Kambere alirudi kutusimulia kwa shida kubwa. Tunajaribu kuandika hapa kama tulivyoelewa. Tarumbeta na klarineti zikipiga noti moja, kimo chake ni kile kile na urefu wake ni ule ule. Lakini katika sauti kuna kitu cha tatu, kile kinachokufanya useme hii ni tarumbeta bila kuiona. Tunaweza kukiita rangi ya sauti. Sikio linapokea vyote, lakini ubongo ndio unaovitenganisha, na sehemu inayotambua rangi hiyo si ile inayoshika wimbo. Tofali lilimpiga mahali pa rangi. Picha ya kichwa iliyopigwa Kigali ilionyesha kovu upande ule ule. Sauti za watu zilibaki kwake, ndiyo sababu alituita kwa majina tulipozungumza. Vyombo ndivyo vilivyovuliwa nyuso. Je, vitarudi? Dokta alisema anaweza kungoja na Papa, lakini hawezi kumwahidi.

Tulifikiria sana jambo hilo. Wengine wetu tuliziba sikio moja, tukaweka kichwa ndani ya ndoo, tukaombana tupige tuone kama tutasikia alivyosikia. Hatukufanikiwa. Mtu hawezi kuikosa rangi ya sauti kwa kutaka. Na tuliogopa kidogo kufahamu kwamba kitu tunachokipenda kinaweza kupotea mahali padogo hivyo, huku mengine yote yakibaki mahali pake.

Bwana Préfet alimwita Papa ofisini, na kwa heshima alimwambia kwamba ametumikia vya kutosha. Alipendekeza Papa abaki na funguo za depo tu, na fanfare inyamaze mpaka apatikane mwalimu mwingine. Tuliokuwa tunafagia korido tulisikia jibu lake.

"Bwana Préfet, kukaa na funguo bila muziki, afazali nirudie ngombe za baba."

"Lakini Papa, utafundishaje batoto kama huwasikie?"

"Ninawasikia. Siwatambue. Si kitu moja."

Bwana Préfet alimpa nafasi mpaka siku ya proclamation, mwanzoni mwa Julai, wazazi wote wanapokuja kusikia matokeo. Fanfare ikipiga vizuri, Papa ataendelea mpaka kustaafu kwake. Isipopiga vizuri, vyombo vitafungiwa. Na sote tulijua kwamba depo ikishafungwa katika mji huu, na vita ikizungukazunguka, haitafunguliwa tena.

Nyumbani Papa alikaa bila kula. Mama Perpétue alimsikiliza akilalamikia masikio yake mpaka akachoka. "Kama masikio imekataa kazi," alimwambia, "macho ulipewa ya kulala?"

Jumatatu iliyofuata, Papa Télesphore aliingia katika mazoezi, akakitazama kile kioo cha dirisha kwa muda, na akageuka. Alitugeukia sisi. Miaka ishirini na nne hakuna mwanafunzi aliyewahi kuuona uso wake wakati wa muziki. Ni uso wa ajabu. Nyusi zinapanda na noti, mdomo unafunguka kama wa mtoto anayelishwa uji, na pale pa huzuni anafunga macho mpaka machozi yanatoka. Kambere alishindwa kujizuia, akacheka na kukosa pigo. Hapo ndipo Papa alipogundua kitu ambacho masikio yake mazima hayakuwahi kukigundua.

"Kambere! Miaka yote hii unakula karanga mu muziki yangu?"

"Papa, mu pause tu!"

Tulianza upya kabisa. Papa alimpa kila mmoja wetu mahali pake na kuweka jiwe la lava lililopakwa chokaa ili asihame hata kidogo. Sauti ikitoka kushoto, alijua ni tarumbeta, kwa kuwa tarumbeta ziko kushoto. Alijifunza vidole vyetu na jinsi Micheline anavyoinua bega kabla ya noti ya juu. Aligusa ubavu wa tuba ikipigwa ili aisikie kwa kiganja. Kimo cha sauti hakikumpotea, kwa hiyo alizidi kuwa mkali. "Bidoni ya kushoto, uko chini, panda kidogo!" Mwanzoni Micheline alichukia kuitwa bidoni. Baadaye aliliandika neno hilo kwenye sanduku la tarumbeta lake kwa rangi nyeupe.

Siku ya proclamation mvua ilinyesha, na chokaa ya mawe yetu ikasombwa na maji kabla hatujaanza. Tulijipanga kwa kukumbuka. Papa alisimama uso kwetu na mgongo kwa wazazi, na wazazi wengi hawakumtambua. Tulipiga nyimbo nne. Hatukuwa wakamilifu, lakini Bwana Préfet alisimama akasema mbele ya wote kwamba yeye mwenyewe aliharakisha kuamua, na kwamba depo itabaki wazi. Mama Perpétue alipiga vigelegele ambavyo, Papa anasema, havikufanana na bidoni hata kidogo.

Tangu siku hiyo ameendelea kutuongoza. Agosti mabomu yalipoanguka tena mjini, tulikaa kimya, na mji ulipotulia alitukusanya kabla hata kengele ya shule haijaanza kugongwa. Mwaka huu amewafundisha wapya kumi, na kwa kuwa hawezi tena kusikia chombo kipi kimemwitikia nani, amewaruhusu wachague. Wote walichagua saksofoni. Tunazo mbili.

Limebaki jambo moja, lile ambalo hatujaafikiana namna ya kuliandika.

Mwezi uliopita, mazoezi yalipokwisha, Papa alituomba tutoke kwenye mawe yetu, tuchanganyike, na tupige mmoja mmoja. Kisha akaenda dirishani akatupa mgongo kama zamani. Tuliona mabega yake yameshuka chini ya koti, na hatukuwa tumezoea tena kuyaona. Hakuna aliyetaka kuanza. Kambere alipiga ngoma. "Ngoma," Papa alisema, "hata mbuzi inajua." Micheline akapiga. Papa alifikiri, akasema saksofoni. Hatukubadilisha kitu safari hii. "Hapana, Papa," Micheline alijibu, "ni bidoni ya kushoto." Aliinamisha kichwa, akaashiria tuendelee.

Élodie akapiga sentensi ile ile aliyoipiga Micheline. Papa alisogea karibu na kioo. Tulidhani hakusikia.

"Rudia," alisema.

Akarudia.

"Rudia tena, mama."

Akarudia. Papa aliweka kiganja juu ya kioo.

"Ile ni ya Habarurema."

Tulipiga kelele mpaka mlinzi akaja. Kambere aliigonga ngoma kama mtu aliyeshinda gwaride. Élodie peke yake hakushangilia. Ni msichana mkweli, na alisema kwa sauti ndogo, "Papa, ule ufunguo wa mpira unalia tik. Pengine ni ule njo ulisikia."

Papa Télesphore alitugeukia. Hatuwezi kusema uso wake ulikuwa na furaha wala huzuni.

"Pengine," alisema. "Nilisikia kitu. Kama asali, kwa mbali, halafu ikapotea. Pengine ni ufunguo, na mimi njo niliongeza asali. Sijue, batoto. Musinilazimishe kujua."

Tulimuuliza Dokta Cibalonza, naye akasema yote mawili yanawezekana. Ubongo hukumbuka kwa njia zake, na wakati mwingine hurudisha kitu kidogo kidogo. Wakati mwingine pia tunausaidia bila kujua, kama sisi tulivyomsaidia Papa kwa kubadilishana vyombo. Tuliondoka kwake tukiwa na maswali yale yale.

Kwa ajili ya sherehe, Bwana Préfet ametaka klarineti itengenezwe vizuri, na amempata fundi wa kuweka springi mpya badala ya mpira. Élodie amekataa, nasi fanfare nzima tumekataa pamoja naye. Ufunguo ule utabaki ulivyo. Tulishamdanganya Papa mara moja kwa kumsaidia, hatutaki kumpima tena kwa kumnyima.

Wimbo wa mwisho katika programu hii utafunguliwa na klarineti peke yake. Kiti cha Papa Télesphore kitawekwa mbele yetu, mgongo ukitugeukia na uso ukielekea Nyiragongo, kama alivyoomba. Mawe hayatakuwapo. Vyombo vyote vitakaa mikononi mwa wenyewe.

Papa, tunakushukuru kwa kutusikiliza miaka yote bila kututazama, na kwa kututazama ulipoacha kutusikia ulivyozoea. Mama Perpétue, tunakushukuru kwa macho ya Papa na kwa vikombe vyako. Siku zenu za kupumzika ziwe ndefu na zenye amani, mji huu unyamaze mizinga yake ili msikie vizuri, na kila sauti iliyovuliwa uso irudi kwenu ikiwa imeuvaa tena.

Klarineti ikianza, Papa, na kama kuna kitu kitakachokufikia, inua mkono wako tu. Hatutakuuliza ni asali au ni ufunguo.